Picha ya Profaili kwa Anayejitafutia Jina Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa fundi, msusi, mwalimu wa tuisheni, dalali, MC, mhasibu, mshauri, na yeyote ambaye wateja wake humkuta kwanza kwenye simu kabla ya kumwona ana kwa ana. Maswali ni yale yanayorudi kila watu wanapokaa mbele ya kamera au wanapotuma picha kumi na kuuliza waweke ipi. Yanaanza na ya msingi, halafu yanakwenda kwenye hali ambazo si za kila mtu.

## Mambo ya msingi

1. Picha ya profaili ina umuhimu gani? Si kazi yangu ndiyo itanisemea?

Kazi yako inakusemea kwa yule aliyekwisha kuiona. Mteja mpya hajaiona. Alichonacho ni namba aliyopewa na rafiki, jina, na kiduara kidogo chenye picha. Hapo anajiuliza mambo mawili: je, huyu ndiye niliyeelekezwa? Na je, nikimtumia kianzio, hela yangu iko salama? Picha nzuri ya profaili ni ile inayomtuliza kwenye maswali hayo. Urembo unafuata baadaye.

Na hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Mwaka 2006, Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu nyuso wasizozijua kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu. Muda huo ulitosha watazamaji kuamua kama mwenye uso anaaminika. Walipoongezewa muda hawakubadili sana walichoamua. Walizidi tu kuwa na uhakika nacho. Hukumu ya namna hiyo inaweza kuwa ya uonevu, maana uso hausemi tabia ya mtu. Lakini hutolewa hata hivyo, kila siku, na wewe haupo hapo kujitetea. Picha ndiyo iliyopo.

2. Lazima niweke uso wangu? Siwezi kuweka nembo ya biashara?

Jiulize mteja anamlipa nani. Kama anakulipa wewe kwa ujuzi wako (unamfundisha mwanawe, unamshonea, unaendesha sherehe yake, unamtafutia nyumba), weka uso. Kama ni duka ambalo watu wanne wanapokezana simu, nembo inafaa zaidi, kwa sababu uso wa mmoja utamchanganya mteja anayejibiwa na mwingine.

Wanaooka keki nyumbani huuliza sana kama waweke keki. Weka uso wako. Keki zina mahali pake kwenye katalogi ya WhatsApp Business na kwenye statasi. Picha nzuri ya keki kila mtu anaweza kuipakua mtandaoni, na mteja analijua hilo.

Ukiamua kutumia nembo, ibakie alama moja au herufi mbili. Nembo yenye jina refu, namba mbili za simu na "karibuni nyote" haisomeki kabisa ndani ya kiduara. Kama una sababu ya kutotaka uso wako uonekane, tazama swali la 20.

3. Nitumie picha moja kila mahali, au kila mtandao na picha yake?

Moja kila mahali. Mteja anakuona TikTok, anakwenda kukuhakiki Instagram, anaishia WhatsApp kuulizia bei. Picha ikibadilika kila hatua, kila hatua anaanza upya kujiuliza kama ni wewe. Ukitaka tofauti kidogo, piga picha zote kikao kimoja: yenye koti iende LinkedIn, isiyo na koti iende kwingine. Uso, mwanga na rangi ya nyuma vibaki vilevile.

## Kuchagua kati ya picha ulizonazo

4. Nina picha nyingi. Nitajuaje ipi inafaa?

Usichague mwenyewe. Kama utachukua jambo moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili.

Mwaka 2017, David White na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliwaomba wanafunzi wachague kati ya picha 12 za nyuso zao wenyewe: ipi ingefaa Facebook, ipi mtandao wa kutafuta wachumba, ipi mtandao wa kazi. Kisha watu wasiowajua wakaombwa kuchagua kati ya picha zilezile. Picha zilizochaguliwa na wageni ndizo zilizowaletea wahusika sifa nzuri zaidi kwa watazamaji wengine. Mganga hajigangi, na kwenye picha ya profaili jambo hilo limepimwa likaonekana.

Sababu si ngumu kuielewa. Wewe unapoangalia picha yako unaona siku ile: shati ulilolipenda, habari njema uliyoipata, au kidevu usichokipenda tangu shuleni. Mgeni haoni lolote kati ya hayo. Anaona mtu tu, na mteja wako ni mgeni.

Fanya hivi. Chagua picha nne au tano ambazo uso unaonekana wazi. Watumie watu watatu wasio ndugu zako wala marafiki wa karibu: mteja wa zamani, mfanyakazi mwenza wa rafiki yako, jirani wa ofisini. Usiwaulize "ipi nzuri?", maana watakuchagulia uliyopendeza. Uliza swali la kazi: "Ungetafuta fundi umeme wa kukuingilia nyumbani, ungempigia yupi kati ya hawa?" Wawili wakikubaliana, umepata. Ikiwa ni picha usiyoipenda, iweke hivyohivyo.

5. Mbona kwenye picha sifanani na ninavyojiona?

Kwa sababu unajijua kwa kioo, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Hakuna uso wenye pande mbili zinazolingana sawasawa, kwa hiyo picha halisi inakuonyesha uso uliogeuzwa ukilinganisha na ule uliouzoea. Jaribio la mwaka 1977 la Theodore Mita na wenzake, Marekani, lilionyesha kwamba watu walipenda zaidi picha yao iliyogeuzwa kama ya kioo, huku rafiki zao wakipenda ile isiyogeuzwa. Unachokiona kama kasoro ndicho watu wanakitambua kuwa ni wewe. Kwa hiyo usiigeuze picha, hata kama simu ina kitufe cha kufanya hivyo. Maandishi kwenye fulana au bango nyuma yako yatasomeka kinyume pia.

6. Nitabasamu au nikaze uso?

Tabasamu, isipokuwa kama hutabasamu kazini kabisa. Wazee wetu wengi walipigwa picha za studio wakiwa wamekaza uso, na hadi leo kuna anayeamini kwamba mtu makini hacheki kwenye picha. Kwenye kitambulisho, sawa. Kwa anayetafuta wateja, uso uliokazwa kwenye kiduara kidogo husomeka kama hasira.

Tabasamu la kuambiwa "cheka" huishia mdomoni, macho yanabaki yamekodoa. Afadhali anayekupiga akuulize kuhusu kitu unachokipenda, akupige ukiwa unamalizia kujibu. Mwanya usiufiche, watu wanaokufahamu wanakutambua kwa huo.

7. Nilipendeza sana kwenye sendoff ya dada yangu. Naweza kutumia picha ile?

Kwa kawaida, hapana. Ukiikata ubaki peke yako, bega la shangazi linabaki pembeni, mkono wa mtu usiyemjua umekushika kiunoni, na nyuma kuna taa za ukumbi za zambarau zilizokupaka rangi hiyo hadi kwenye meno. Vipodozi vya sherehe navyo ni vya sherehe: mteja aliyekuona na kope ndefu na gele la dhahabu atakupita mlangoni ukiwa umevaa miwani na kitambaa cha kawaida.

Mpambaji wa maharusi au mshereheshaji anaweza kutumia picha ya ukumbini, kwa kuwa ndiyo ofisi yake. Hata huyo achukue iliyopigwa kwa ajili yake, si iliyokatwa kwenye picha ya familia.

8. Nivae nini?

Vaa unachovaa siku ambayo mteja atakukuta. Fundi magari aliyevaa ovaroli safi anaaminika kuliko fundi huyohuyo aliyeazima suti, na suti ya kuazima huonekana mabegani mara moja. Kanzu na kofia, hijabu, shuka, kitenge, vyote ni sawa kama ndivyo ulivyo. Hijabu nyeusi usiipige mbele ya ukuta mweusi, kichwa kitamezwa.

Epuka mistari myembamba iliyosongamana, kwa sababu picha ikipunguzwa mistari hiyo hutetemeka machoni. Epuka pia fulana ya chama au ya timu kama wateja wako ni wa pande zote. Kama umeajiriwa na biashara yako ni ya pembeni, usivae sare ya mwajiri wala kitambulisho chake shingoni, maana hapo unajitangazia matatizo.

## Kupiga picha

9. Simu yangu inatosha, au lazima niende studio?

Simu ya kawaida inatosha, ukitumia kamera ya nyuma na mwanga wa mchana. Kinachoharibu picha nyingi ni mwanga na umbali. Kamera ni mara chache.

Mahali pazuri kupita pote ni mlangoni. Weka kiti cha plastiki ndani ya nyumba, hatua mbili kutoka mlango uliofunguliwa, jua lisiingie moja kwa moja. Kaa ukitazama nje. Zima taa ya ndani, vinginevyo upande mmoja wa uso utakuwa wa njano. Tandika shuka jeupe mapajani: mwanga wa nje utalipiga na kurudi juu, utaondoa kiza chini ya macho na chini ya kidevu. Anayekupiga asimame nje kidogo ya mlango, asikuzibe mwanga, simu ikiwa usawa wa macho yako. Afute kwanza kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mafuta ya vidole ndiyo huleta ule ukungu ambao watu huisingizia simu.

Kama unapiga nje, kumbuka kwetu jua la saa sita liko utosini. Linatia giza kwenye macho na kuacha paji la uso liking'aa. Piga kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Chini ya mwembe pana madoa ya jua yanayopenya majani, kwa hiyo kivuli cha ukuta ni bora kuliko kivuli cha mti.

10. Selfi ina ubaya gani?

Umbali. Mkono haufiki mbali, na kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma yake. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 na madaktari wa Marekani ilionyesha kwamba pua ikipigwa kutoka sentimita 30 hivi huonekana pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu. Watu wengi wanachukia pua zao kwa kosa la mkono mfupi.

Huna wa kukupiga? Egemeza simu kwenye chupa za maji juu ya meza, rudi nyuma hatua mbili, tumia kipima muda cha sekunde kumi. Utaikata picha baadaye.

11. Ngozi yangu ni nyeusi na picha zangu hutoka giza, au uso unakuwa wa kijivu. Nifanyeje?

Ngozi yako haina kosa. Kamera ikiachwa ijiamulie, hujaribu kuifanya picha nzima iwe ya mwanga wa wastani. Ukisimama mbele ya ukuta mweupe au mbele ya dirisha, inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wako unazama. Historia nayo imechangia: kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi haikuwa kwenye hesabu. Makampuni ya simu yameanza kurekebisha. Google ilileta Real Tone, mpangilio wa kamera wa kuonyesha ngozi nyeusi ilivyo, kwenye simu yake ya Pixel 6 mwaka 2021, na Tecno imejijengea soko Afrika kwa kamera zinazoijali ngozi nyeusi.

Kwa simu yoyote, gusa uso kwenye skrini kabla ya kupiga, kisha sogeza kile kialama cha jua juu taratibu hadi uone macho na mstari wa taya. Usiongeze hadi paji lichomeke likawa jeupe. Nyuma yako pawe na rangi ya kati: ukuta wa udongo, kijani cha ua, bluu iliyofifia, kahawia ya mlango wa mbao. Ukuta wa chokaa nyeupe, achana nao.

Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao, kwa hiyo usijipake poda hadi ikauke. Futa tu jasho kwenye pua na paji kwa kitambaa, acha mashavu yashike mwanga. Na usimulike flashi ya simu usoni, maana hapo ndipo ukijivu unapoanzia.

12. Nikienda studio, niwaambie nini?

Waambie kabla hujakaa: ni picha ya kujitangaza kazini, itaonekana kwenye kiduara, na hutaki kubadilishwa rangi. Ukisema "piga picha" tu, watakupiga paspoti saizi yenye nyuma ya bluu, au watakung'arisha hadi ufanane na bango la saluni, kwa nia njema kabisa.

Omba wakuachie nafasi kuzunguka kichwa. Omba faili lenyewe kamili kwenye flashi au kwa barua pepe, si picha iliyochapishwa pekee. Kubalianeni pia kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha kuanzia, kwamba una ruhusa kuitumia kwa biashara bila kikomo, na kama wao wanaruhusiwa kuibandika ukutani kwao. Haki za picha zina sheria zake na hutofautiana nchi kwa nchi. Maneno mawili ya mapema huondoa ugomvi.

## Kuiweka mtandaoni

13. Vipimo ni vipi?

Tunza picha moja ya mraba yenye walau pikseli 1,000 kwa 1,000, na hiyo itakutosha kote. LinkedIn wanataka isipungue 400 kwa 400 na faili lisizidi MB 8. X (zamani Twitter) wanapendekeza 400 kwa 400 pia. Mitandao mingi huionyesha kwenye duara, kwa hiyo pembe zote nne zitakatwa. Usiweke chochote cha maana pembeni.

Uso uchukue zaidi ya nusu ya duara, kuanzia juu kidogo ya nywele hadi mabegani. Jaribio: tuma ujumbe kwenye kundi, azima simu ya mwenzako aliyemo, iweke mezani, simama. Kama hujitambui kwenye kile kiduara, kata picha karibu zaidi.

14. Ilikuwa safi, nimeiweka ikawa na ukungu. Kwa nini?

Karibu kila mara ni kwa sababu imepitia WhatsApp njiani, au umepiga skrini ya picha badala ya kutumia faili. WhatsApp hubana picha ili kuokoa bando. Mwambie aliyekupiga akutumie kama hati, au kwa barua pepe.

15. Kwenye WhatsApp, nani aruhusiwe kuiona?

WhatsApp inakupa nafasi ya kuchagua: kila mtu, watu uliowahifadhi tu, hao isipokuwa wachache, au asiione yeyote. Wengi waliweka "niliowahifadhi" zamani wakasahau. Matokeo yake mteja mpya, ambaye kwa vyovyote hujamhifadhi, anaona kivuli cha kijivu na kudhani umembloku au ni tapeli.

Namba ya biashara iwe "kila mtu". Namba ya familia ifunge unavyotaka. Anayetumia namba moja kwa yote mawili aweke picha ya kazi, ionekane na kila mtu, na picha za watoto zibaki kwenye statasi yenye watazamaji aliowachagua. LinkedIn nayo ina mpangilio kama huo, ukaguliwe pia.

## Kuirekebisha

16. Filta na kung'arisha ngozi vinaruhusiwa?

Chunusi iliyotokea wiki hii, iondoe. Mwanga ulio hafifu, uongeze. Kovu, mvi, ndevu, rangi ya ngozi, umbo la pua: viache. Kipimo ni kwamba chochote mteja atakachokiona mtakapokutana hakitakiwi kufutwa.

Nalisema hili kwa msisitizo kuhusu rangi. Programu nyingi za kurembesha hung'arisha uso zenyewe hata kabla hujagusa kitu, na kamera za mbele za baadhi ya simu huja zikiwa zimewashwa hivyo kutoka dukani. Zima. Mteja aliyezoea uso mweupe kwenye simu akakutana na wewe mweusi stendi, anasita sekunde chache kama ndiye. Sekunde hizo zinakuvunjia heshima isiyostahili kuvunjwa, na watoto wako wanakuona ukiificha rangi waliyoirithi.

17. Nitumie picha ya akili mnemba? Ni rahisi na nitavaa suti bila kuinunua.

Siishauri kwa anayeuza uaminifu. Programu hizo zinakisia uso wako, na zinakisia vibaya hasa pale tulipo wa pekee: huziba mwanya, hufuta alama za chale, huchora rasta zinazoota kutoka hewani, hupunguza weusi. Kinachobaki ni ndugu yako ambaye hajazaliwa. Isitoshe, tangu 2024 Meta, wenye Facebook na Instagram, imeanza kuweka alama kwenye picha zilizotengenezwa hivyo, na alama hiyo kando ya jina la mtu anayeomba kianzio haisaidii.

Kutumia akili mnemba kuondoa ndoo na kamba ya nguo nyuma yako ni jambo jingine, halina ubaya. Lakini kusogeza kiti kunachukua muda mfupi zaidi.

## Watu wengine, sheria na matapeli

18. Naweza kuonekana na mwanangu, mwanafunzi wangu au mteja wangu?

Kwenye picha ya profaili ya kazi, kaa peke yako. Mtu asianze kukisia wewe ni yupi. Zaidi ya hapo kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya mwaka 2019, na Ofisi ya Kamishna wa Data haikai kimya: Septemba 2023 iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kubandika picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja wake bila idhini.

Kwa hiyo mwalimu asijipige na darasa, na muuguzi asijipige na mgonjwa, hata kama mgonjwa anacheka. Mawakili wana kanuni zao za kujitangaza, wazisome kabla hata ya kufikiria koti.

19. Mtu ameweka picha yangu kwenye namba nyingine na anaomba hela kwa watu wangu. Nifanye nini?

Kwanza watangazie watu wako kwa njia zote: statasi, makundi, Facebook, hata kwa kupiga simu kwa wazee ambao hawaangalii statasi. Andika namba ya tapeli na useme wazi kwamba si yako. Waombe wengi waifungue namba hiyo WhatsApp na kuiripoti. Tanzania, peleka ujumbe wa utapeli kwenda 15040. Kenya, mteja wa Safaricom anaupeleka kwenda 333. Kama hela imeshatumwa, aliyetuma apige simu kwa mtandao wake wa simu dakika hiyohiyo, kisha polisi.

Usichanganye hali hii na ile ya namba yako mwenyewe kutekwa. Aliyeiga picha hana WhatsApp yako, ana picha tu. Aliyeiteka anajibu kutoka kwenye namba yako halisi, na dawa yake ni kuisajili upya namba hiyo kwenye simu yako. Weka leo uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na usimpe mtu msimbo unaokuja kwa SMS.

Kuficha picha kwa kuogopa matapeli hakusaidii mwenye biashara. Picha yako ikijulikana sana pamoja na namba yako sahihi, ya tapeli hugundulika mapema.

## Hali za pekee

20. Sitaki kuonyesha uso: kwa dini yangu, kwa usalama, au sababu nyingine. Nitaaminiwaje?

Utaaminiwa, ila kazi ni zaidi kidogo. Onyesha kitu ambacho ni cha kwako na hakipatikani mtandaoni: mikono yako ikichora hina, ukiwa umeipa kamera mgongo kwenye cherehani yako, kiambaza cha karakana chenye jina lako. Baki na picha hiyo hiyo miaka mingi. Ongezea sauti, kwa kumjibu mteja mpya kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu sauti nayo ni uso. Wanaovaa nikabu wengi wanauza vizuri sana kwa njia hii.

Usiweke uso wa mtu mwingine, awe mwanamitindo au mwigizaji. Huo ni uongo wa kwanza, na mteja akiugundua hatangoja wa pili.

21. Siku ya kuzaliwa ya rafiki, msiba, kampeni: nibadilishe DP (picha ya profaili)?

Desturi yetu ya kumweka mtu DP siku yake ni ya upendo, na asiyewekwa huumia kweli. Kwenye namba binafsi, endelea. Kwenye namba ya biashara, mweke statasi, tena kwa maneno marefu na picha tatu. Mteja anayekutafuta kwa picha akikuta uso wa rafiki yako hujiona amekosea namba.

Msiba ni tofauti. Ukiwa umefiwa, mshumaa au picha ya marehemu kwa siku za matanga inaeleweka na hakuna wa kukulaumu. Andika kwenye maelezo kwamba umefiwa na utarudi lini. Kampeni za siasa, hapana.

22. Naomba kazi nje ya nchi. Picha iende kwenye CV?

Uingereza, Marekani na Kanada usiweke. Waajiri wengi huko hawataki kushutumiwa ubaguzi. Ujerumani, tangu sheria ya usawa ya 2006, waajiri hawapaswi kuidai, ingawa waombaji wengi bado huiweka kwa desturi. Oman, Falme za Kiarabu na nchi nyingine za Ghuba ni kawaida kuiweka. LinkedIn weka popote ulipo.

23. Nibadilishe baada ya muda gani?

Uso ukibadilika. Ukikata rasta, ukianza kuvaa hijabu au miwani, ukifuga ndevu, ukipungua au kunenepa sana, piga mpya wiki hiyohiyo. La sivyo, miaka miwili au mitatu si mingi. Ukibadilisha, badilisha kote siku moja, na uweke statasi: "Ni mimi yuleyule, picha mpya."

24. Nimebadilisha, lakini ya zamani bado inaonekana. Inatoka wapi?

Kuna sehemu watu huzisahau. Telegram huhifadhi picha zako zote za nyuma, na mtu akitelezesha kidole anazipitia hadi ile ya chuo. Zifute moja moja. Facebook ina albamu ya picha za profaili, na za zamani unaweza kuzibadilishia watazamaji moja moja. Truecaller inaweza kuwa na picha uliyoiweka ulipojiunga. Akaunti ya Google huonyesha picha yako kwenye Gmail na kwenye maoni uliyoacha Google Maps. Ukiwa uliwahi kujisajili Gravatar, picha ya huko hufuata barua pepe yako kwenye blogu nyingi.

Kama umeshaifuta kwenye ukurasa wake na bado inatokea unapotafuta jina lako Google, wana fomu ya kuomba matokeo yaliyopitwa na wakati yasasishwe. Inafanya kazi pale tu picha yenyewe imeshaondolewa. Kama iko kwenye tovuti ya mtu mwingine, mwandikie mwenye tovuti kwanza, na umpe hiyo mpya aiweke mahali pake.